Kyavinyonge: Moshi wa samaki na historia ya kupima hewa ya mfanyakazi

Huko Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edward katika wilaya ya Beni, samaki asiyeuzwa akiwa mbichi hukaushwa kwa moshi. Akina mama wa kazi hiyo hukaa saa nyingi karibu na moto wa kuni, macho yanawasha, kifua kinabana. Moshi huo una vumbi laini sana, tena una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu atajuaje amevuta kiasi gani?

Swali hilo lilianzia migodini. Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu John Scott Haldane wa Uingereza alichunguza vifo vya wachimba makaa ya mawe, akaona kwamba wengi waliuawa na gesi hiyohiyo. Alishauri wachimbaji waingie na ndege mdogo aitwaye kanari, kwa kuwa yeye huanguka kabla ya mtu kudhurika. Huko Uingereza ndege hao waliachwa mwaka 1986 tu.

Lakini ndege hawezi kuhesabu vumbi, nalo vumbi huua polepole. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, vumbi la mawe lilileta silikosisi, ugonjwa unaotia mapafu makovu. Mwaka 1916 Robert Kotzé alitengeneza konimeta: chombo kinachovuta hewa kidogo na kuipiga juu ya kioo chenye mafuta, kisha vumbi linahesabiwa kwa darubini. Mwaka 1930 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Johannesburg kuhusu ugonjwa huo. Hata hivyo, wachimbaji weusi walilipwa fidia ndogo kuliko weupe. Kipimo peke yake hakileti haki.

Konimeta ilikuwa na kasoro: ilipima hewa ya mahali kwa muda mfupi tu, wakati mfanyakazi anatembea na kuinama siku nzima. Mwaka 1960 Waingereza Sherwood na Greenhalgh walieleza pampu ndogo ambayo mtu anaivaa, chujio likiwa karibu na pua yake. Tangu hapo iliwezekana kupima hewa anayovuta mtu mwenyewe.

Kwetu Kongo, watafiti wa Lubumbashi na Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa wakaaji wa Katanga. Matokeo yao ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini wana kobalti nyingi mwilini kuliko wanaoishi mbali. Watoto pia walikuwa nayo.

Historia hiyo yote inamhusu pia mama wa Kyavinyonge. Malalamiko ya kikohozi ni rahisi kuyapuuza. Namba iliyoandikwa, yenye tarehe na mahali, ni ngumu kuikana. Kwa sasa, jiko lenye bomba la kutoa moshi, kuni zilizokauka vizuri na kukaa upande upepo unakotoka vinapunguza anachovuta. Lakini siku atakapodai haki yake, atahitaji kipimo.