Peugeot 504: dinga ya Safari Rally iliyobeba watu hadi Kericho

Ukipanda Probox pale Kericho kwenda Litein ama Sotik, mmejazana hadi mlango haufungi, jua hiyo kazi kuna dinga Mfaransa iliifanya kabla hujazaliwa. Peugeot 504. Na kabla ibebe abiria, jina ilikuwa imelipata kwa Safari Rally.

Ndugu yake mkubwa, 404, ndiyo ilianza. Ilishinda Safari mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Hebu cheki: 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena! Hizo mbili zote zilichukuliwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff. Za katikati ni za Bert Shankland wa Dar es Salaam na Chris Rothwell.

504 yenyewe ilitoka 1968. Ove Andersson wa Sweden akashinda Safari nayo 1975. Halafu 1978 ikaja ile moto: 504 Coupé, milango miwili, injini ya V6, bodi iliyochorwa na Pininfarina wa Italia. Jean-Pierre Nicolas akamaliza mbele ya Porsche 911 ya Vic Preston Jr. Mazee, Porsche ikalala.

Coupé ya namna hiyo hungeiona ikibeba gunia Bomet. Yenye wazee wanakumbuka ni stesheni wagoni: viti mistari mitatu, gia kwa usukani, springi ndefu zenye hazikuogopa matope ya majani chai. Ziliunganishwa hapa hapa Kenya, so spea hazikuwa shida. Mara nyingi gari lilianza kwa ofisi, likauziwa mwalimu ama mfanyabiashara, likaishia matatu ya masafa. Watu walisema tu "napanda Peugeot." Pickup nazo zikaenda shambani.

Halafu mitumba ya Japani ikaja, na 504 nyingi zikaachwa nyuma ya nyumba kuku wakitagia ndani.

Sasa msee wa skrapu akija na mizani, usiharakishe. Mtumba wa zaidi ya miaka 8 kwa kawaida hauruhusiwi kuingia Kenya, kwa hivyo 504 ikikatwa, kupata ingine ni noma. Muulize buda logbook iko wapi na ina jina la nani. Kama mwenye jina alishafariki, mambo ya urithi yanakuja kwanza kabla ya kubadilisha umiliki NTSA. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za logbook. Zikipatana, funika hiyo dinga na turubai, fukuza kuku.