Uchoraji wa gia kwa programu ya vekta

Uchoraji wa gia kwa programu ya vekta ni usanifu wa magurudumu ya meno kwenye kompyuta kwa mistari na mikunjo inayohifadhiwa kihesabu. Mchoro wa namna hii hukuzwa bila kufifia, na mashine ya kukata kwa leza huufuata mstari wenyewe. Programu zinazojulikana ni Adobe Illustrator, iliyotoka mwaka 1987, na Inkscape, programu huria iliyoanza mwaka 2003, ambayo ina zana yake ya kuchora gia.

Vipimo

Ukubwa wa meno huelezwa kwa moduli: kipenyo cha duara la mwendo, ambapo gia mbili hukutana, kikigawanywa kwa idadi ya meno. Gia ya meno 20 na moduli ya milimita 2 ina duara la mwendo la milimita 40. Ncha za meno hufikia kipenyo cha milimita 44, na mashina yake milimita 35. Ili gia mbili zishikane, lazima ziwe na moduli moja na pembe moja ya msukumo, ambayo kwa kawaida ni nyuzi 20.

Umbo la jino

Ubavu wa jino hufuata mkunjo wa involuti, yaani njia ya ncha ya uzi uliokazwa unapofunguliwa kutoka kwenye duara. Leonhard Euler aliupendekeza katika karne ya 18. Kwa mkunjo huu mwendo haubadiliki meno yanapopokezana, hata mihimili ikiachana kidogo. Meno ya pembetatu yanatosha kwa nembo. Kwenye mtambo hukwaruzana na kukwama.

Uchoraji na ukaguzi

Kwa gia ile ya meno 20, jino moja huchorwa, kisha nakala zake huzungushwa kwenye kitovu kila nyuzi 18 hadi meno yatimie 20. Zote huunganishwa na duara la mashina, na tundu la mhimili hutobolewa katikati. Unene wa mstari uangaliwe: Inkscape kwa kawaida huujumlisha katika vipimo, hivyo duara la milimita 44 lenye mstari wa milimita 1 husomeka 45.

Kabla ya kukata, gia hiyo huwekwa kando ya mwenzake wa meno 40, vitovu vikiwa umbali wa milimita 60. Ndogo ikizungushwa nyuzi 18, kubwa huzungushwa 9 upande wa pili. Meno yakipandana, mchoro haujawa tayari.