Vibarua wa Kilindini na kibarua wa kompyuta

Kimya changu kina sababu. Nilikuwa nimebeba kazi za wateja wanne kwa mpigo, wawili wako Marekani, kwa hiyo wao wakianza kazi mimi ndiyo nataka kulala. Ikafika mahali nasoma programu niliyoiandika mwenyewe jana yake na siielewi. Daktari akanipima malaria, hakuona kitu. Akaniuliza, "Unalala saa ngapi?" Nikakosa jibu.

Katika mapumziko hayo ya lazima nikasoma historia ya bandari ya Mombasa. Sisi tunaofanya kazi hizi hujiita wataalamu wa kujitegemea, lakini neno letu la zamani ni kibarua.

Wakati wa ukoloni, makuli wengi wa Kilindini waliajiriwa kwa siku. Kuli alijitokeza asubuhi, au hakujitokeza. Malipo yake ya siku yalikuwa ya juu kuliko ya mwenye mkataba wa mwezi, basi alibeba mizigo siku kadhaa, akapata kodi na posho, akapumzika. Maafisa na waajiri walimwita mvivu. Mimi namwona mwerevu! Magunia yale yalivunja mgongo, naye alijua mgongo wake.

Si kwamba maisha yalikuwa mazuri. Waligoma 1934, tena 1939, na Januari 1947 mji mzima ukasimama kwa karibu wiki mbili. Chege Kibachia, kiongozi wa African Workers Federation iliyotokana na mgomo huo, alikamatwa mwaka uo huo akahamishiwa Baringo. Miaka ya 1950 ikaja orodha: kuli asiyetimiza zamu za kutosha kwa mwezi, jina linafutwa. Kazi ikawa ya uhakika zaidi, hiari ya kubaki nyumbani ikapungua.

Mimi sina orodha wala nyapara. Hiari ile yote ninayo, na usingizi nilijinyima mwenyewe.

Ila wengi wao walikuwa na shamba la kurudia, nami nina kodi ya nyumba Nairobi. Kwa hiyo nilianza na hesabu: kodi, chakula, umeme, karo ya mdogo wangu, nikagawa kwa bei yangu ya saa. Nilipata saa 26 kwa wiki. Nilikuwa nikifanya zaidi ya 70.

Wateja wawili nimewaaga, mmoja kakasirika. Simu nazima saa tatu usiku. Leo asubuhi nimeiwasha, nikakuta jumbe 6, zote "haraka sana". Nimekunywa chai kwanza.