Shah Abdul Latif, walii anayedaiwa kukomea alifu

Katika jimbo la Sindh, kusini mwa Pakistan, hekaya hii huijua hata mtoto. Mvulana wa ukoo wa masharifu alipelekwa chuoni kwa mwalimu aitwaye Akhund Noor Muhammad Bhatti. Mwalimu akamwambia, "Sema alifu." Mtoto akasema, "Alifu." "Sema bee." Mtoto akanyamaza, kisha akajibu kwamba baada ya alifu hakuna kitu. Akhund akaenda kumshtaki kwa baba yake, Shah Habib. Baba hakushika bakora. Alimkumbatia mwanawe, kwa kuwa alielewa: alifu ndiyo herufi inayoanzia jina la Allah, nayo husimama peke yake, wima, kama tarakimu ya moja.

Mtoto huyo ndiye Shah Abdul Latif, aliyezaliwa mwaka 1689 katika kijiji cha Hala Haveli na kufariki mwaka 1752 huko Bhit. Wasindhi wanamhesabu kuwa mshairi wao mkuu kupita wote. Mashairi yake yamekusanywa katika Shah Jo Risalo, diwani yenye sehemu zipatazo 30, kila moja ikiwa na lahani yake ya kuimbwa. Je, kazi kubwa namna hiyo ilitoka kwa mtu asiyejua bee?

Mir Ali Sher Qani, mwanahistoria wa mji wa Thatta aliyekuwa kijana wakati Latif akiwa hai, aliandika kwamba walii huyo alikuwa ummi, yaani asiyejua kusoma, ila elimu yote ilikuwa imeandikwa moyoni mwake. Ushahidi wa mtu wa zama zile una uzito wake. Lakini ummi ni sifa anayopewa Mtume Muhammad ndani ya Kurani. Muridi anayesema sheikh wake hakusoma hamdharau hata kidogo. Anachosema ni kwamba elimu yake imetoka kwa Mungu moja kwa moja, haikupita mikononi mwa mwalimu. Kwa hiyo wafuasi walikuwa na kila sababu ya kuipenda hekaya ya alifu.

Mashairi yenyewe yanasema mengine. Aya za Kurani na maneno ya Hadithi yamepachikwa katika mishororo ya Kisindhi, kwa Kiarabu chake, bila kuvunja mizani. Katika sehemu iitwayo Yaman Kalyan, Latif anamtaja mshairi wa Kiajemi Jalaluddin Rumi kwa jina, tena zaidi ya mara moja. Mapokeo ya Bhit yanashikilia kwamba vitabu 3 havikumtoka mkononi: Kurani, Masnavi ya Rumi, na mashairi ya Shah Abdul Karim wa Bulri, babu wa babu yake. Inasimuliwa pia kwamba mtawala wa Sindh, Noor Muhammad Kalhoro, alimtunukia nakala ya Masnavi. Zawadi ya kitabu hicho kwa mtu asiyejua kusoma ingekuwa kejeli.

Hata hivyo, katika mashairi hayohayo Latif anawakemea watu wa vitabu. Kwa nini? Jibu liko Thatta. Mwaka 1699, Latif akiwa mtoto wa miaka kama 10, nahodha Mskoti Alexander Hamilton alifika mji huo, akaandika kwamba ulikuwa na vyuo zaidi ya 400. Hata kama alikuza hesabu, sifa ya Thatta kama mji wa maulamaa haikuwa ya bure. Kiarabu kilikuwa lugha ya fikihi, Kiajemi kikawa lugha ya serikali na ya washairi wa baraza. Aliyezimiliki lugha hizo mbili alipata ukadhi, ukarani na heshima. Wapo maulamaa walioandika kwa Kisindhi, lakini hasa vitabu vya kuwafundisha watu wa kawaida masharti ya dini.

Latif alikitumia Kisindhi kwa mambo mazito kuliko yote. Akiwa kijana alizunguka na majogi, watawa wa Kihindu, hadi Hinglaj katika milima ya Balochistan. Aliwasikiliza wavuvi, wafumaji, wachunga ngamia na wanawake wasokotao pamba. Katika sehemu ya Risalo iitwayo Samundi, wake za mabaharia wanalia upepo wa kaskazini unapoanza kuvuma, maana ndipo waume zao wanapong'oa nanga. Msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji kufafanuliwa hapo. Masuala ambayo vyuo viliyajadili kwa istilahi za Kiarabu, yeye aliyatia katika kilio cha mwanamke aliyeachwa pwani. Alichokikataa ni ile fikra kwamba aliyehitimu ndiye peke yake aliyemfikia Mungu. Kusoma kurasa nyingi na kubaki na kiburi kilekile, kwake ilikuwa hasara juu ya hasara.

Hakuwa peke yake katika msimamo huo. Bulleh Shah wa Punjab, aliyefariki miaka michache baada yake, alisoma sawasawa mjini Kasur kisha akawakejeli mamufti katika mashairi yake. Aliyesoma ndiye ajuaye vitabu vinakomea wapi.

Jinsi Risalo ilivyotufikia ni kisa kingine. Wafuasi husimulia kwamba siku moja Latif aliitupa diwani yake katika ziwa la Kirar, kando ya Bhit, akiogopa kwamba watu wangeielewa vibaya. Mafakiri, yaani wafuasi wake, walipohuzunika, ikabidi iandikwe upya kutoka vifuani mwao, na aliyekuwa ameihifadhi zaidi alikuwa mwanamke, Mai Niamat. Hadi leo mafakiri waliovaa nguo nyeusi hukaa usiku mbele ya kaburi la Latif, kila mmoja na danburo yake, ala ya nyuzi 5, wakiimba kwa sauti nyembamba iliyopandishwa juu sana. Wengi wao waliyapokea mashairi hayo kwa sikio.

Waingereza waliiteka Sindh mwaka 1843, na miaka 10 baadaye wakaidhinisha alfabeti ya Kisindhi yenye herufi za Kiarabu. Mwaka 1866 Mjerumani Ernest Trumpp akaichapisha Risalo huko Leipzig. Kuanzia mwaka 1923 Hotchand Gurbuxani, Mhindu aliyekuwa mwalimu wa Kiajemi mjini Karachi, akatoa toleo lenye sherehe, yaani ufafanuzi mpana. Alilazimika kufukua Kurani, Hadithi na Rumi ili kueleza mishororo ya mtu ambaye hekaya inadai alikomea herufi ya kwanza. Walioamini alifu ile walikuwa na haki ya kuipenda, lakini ukurasa wowote wa sherehe hiyo unaonyesha kwamba Latif aliendelea kusoma.