Reli, Umeme na Tanuru la Shaba

Tukitazama lile bomba refu la moshi la Lubumbashi, na ule mulima wa taka nyeusi kando yake, tujiulize: ni nini kilichozaa kiwanda kile? Wengi watajibu: shaba. Jibu hili halitoshi. Shaba ilikuwa katika udongo tangu kale, na mababu zetu walijua kuiyeyusha. Misalaba yao ya shaba ilifika mbali sana. Lakini ilibebwa kwa kichwa na kwa bega, na muzigo wa mutu una mupaka.

Mwaka wa 1910 reli ilifika kutoka kusini. Kwa reli ile zilikuja masini, yakaja na makala ya mawe ya Wankie. Na mwaka wa 1911 tanuru la Union Minière likatoa shaba ya kwanza kando ya muto Lubumbashi. Mwaka ule ilitoka karibu tani 1 000. Mwaka wa 1930 ilipita tani 130 000. Katikati, reli ilifika Bukama (1918) na Ilebo (1928). Mwaka wa 1930 maporomoko ya Mwadingusha, katika muto Lufira, yalianza kutoa umeme, na kiwanda cha Shituru, kule Likasi, kikapata nguvu ya kusafisha shaba. Tuangalie mufuatano: kwanza njia, kisha nguvu, kisha kazi kubwa. Viwanda vya unga na bia vilifuata, kwa kuwa watu wa kazi wanakula na kunywa.

Lakini tusidanganyike. Reli ile ilijengwa kwa kutoa mali. Shaba ilikwenda ng'ambo kugeuzwa waya na vyombo, na faida ya kazi ile ikabaki huko.

Kisha uhuru, Serikali ilikopa fedha nyingi, ikavuta umeme toka Inga hata Kolwezi, kilometa 1 700 hivi. Kazi iliisha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nyaya zilipita juu ya vijiji visivyo na taa hata moja. Wala hazikuiokoa Gécamines: mwaka wa 1990 muchimo wa Kamoto ulibomoka, masini zilichakaa bila kutengenezwa, na shaba iliyopita tani 400 000 kwa mwaka ikashuka chini ya 50 000 mwaka wa 1994.

Basi, jembe halilimi peke yake. Wakristo wetu wakituuliza kama barabara mupya italeta kazi, tujibu: yaweza. Lakini tuulize nao: itabeba nini, itasimama kwa nani, na nani ataitengeneza siku itakapoharibika?