Msimamizi Alisema, Kikosi Hakikuelewa: Moto wa Mann Gulch, 1949

Kiangazi kikishika na majani yakikauka, kila mmoja wetu anaijua sauti ile: "Moto! Moto msituni!" Vijana wanashika mapanga, majembe na matawi mabichi, wanakimbia. Mara nyingi moto unazimwa, watu wanarudi nyumbani salama. Lakini nawaulizeni jambo moja. Siku hiyo, msimamizi wenu ni nani? Na akisema "acheni, rudini", mtarudi?

Leo nitawasimulia habari za kikosi kimoja cha Marekani kilichopoteza watu 13 kwa sababu swali hilo halikuwa limejibiwa mapema. Ni habari ya zamani na ya mbali, lakini majani makavu ni majani makavu, yawe ya kwao au ya kwetu.

Jimbo la Montana liko kaskazini ya nchi ile. Lina milima, misitu ya misonobari, na miteremko ya majani. Tarehe 4 Agosti 1949 radi ilipiga karibu na korongo liitwalo Mann Gulch, linaloshuka hadi mto Missouri, na moto ukaanza. Kesho yake, tarehe 5, joto lilifika nyuzi 36 za sentigredi. Idara ya Misitu ikapeleka kikosi cha wazima moto wanaoruka kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Waliruka watu 15, wengi wao vijana. Huko chini walimkuta mlinzi mmoja wa moto, Jim Harrison, aliyekuwa akipambana peke yake. Jumla wakawa 16.

Msimamizi wao aliitwa Wagner Dodge, mwenye umri wa miaka 33, mzoefu wa kazi. Lakini majira yale alikuwa amepewa shughuli nyingine, hakufanya mazoezi pamoja na vijana hawa. Kikosi chenyewe kilikusanywa kwa zamu, basi wengi hawakuwa wamezoea kufanya kazi pamoja chini yake. Tena, mwavuli uliobeba simu ya upepo haukufunguka, simu ikavunjika. Hawakuweza kuuliza hali wala kuomba msaada.

Mpango wa Dodge ulikuwa mzuri. Aliagiza kikosi kishuke kuelekea mtoni, ili maji yawe nyuma yao na wapate pa kukimbilia mambo yakiharibika. Kisha yeye na Harrison wakarudi kwenye mizigo kula kidogo, akamwachia msaidizi wake kuongoza. Vijana wakatawanyika njiani, wengine mbele, wengine nyuma. Dodge aliwafikia karibu saa 11:40 jioni.

Dakika chache baadaye aliona jambo la kutisha. Moto ulikuwa umevuka korongo chini yao, ukawakatia njia ya mtoni. Na sasa ulikuwa unapanda.

Hapa ndugu zangu tusimame kidogo. Moto unaopanda mlima si sawa na moto wa tambarare. Ndimi zake huinama kuelekea juu, zikakausha majani yaliyo mbele kabla hazijayafikia. Ndiyo maana hupanda mbio, wakati mwanadamu anayepanda huchoka na kupunguza mwendo. Kushindana nao mbio juu ya mlima ni kushindana na mshindi.

Dodge akawageuza watu wake, wakaanza kupanda. Saa 11:53 akaamuru watupe vifaa vyao. Wengine walikuwa wamekwisha vitupa, wengine waliving'ang'ania. Mtu aliyefundishwa kwamba shoka na sululu ndiyo kazi yake, ukimwambia avitupe anajiuliza: sasa mimi ni nani hapa?

Kisha Dodge akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alisimama, akawasha kiberiti, akatia moto majani yaliyo mbele yake. Moto huo mdogo ukapanda, ukaacha nyuma yake uwanja wa majivu. Akawaashiria vijana na kuwaita waingie humo pamoja naye, maana mahali palipokwisha ungua hapaungui mara ya pili.

Hawakuingia. Ngurumo ya moto ilikuwa kubwa, na waliosikia hawakuelewa. Walionusurika walieleza baadaye kwamba walidhani msimamizi amerukwa na akili: moto uko nyuma, na yeye anawasha mwingine mbele! Wakampita, wakaendelea kukimbia.

Dodge akalala kifudifudi majivuni, kitambaa chenye maji puani na mdomoni. Moto mkubwa ukampita pande zote. Akainuka mzima. Vijana wawili, Rumsey na Sallee, walipanda kandokando ya moto wake, wakapata upenyo kwenye miamba ya kilele, wakaokoka. Wengine wote walifikiwa. Wawili kati yao walikufa kesho yake kwa majeraha. Saa ya mkono ya mmoja wa marehemu ilikutwa imesimama karibu saa 11:56. Tangu kuwashwa kile kiberiti hata dakika chache hazikupita.

Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba moto wa Dodge ndio uliowaunguza watoto wao. Baraza la uchunguzi halikukubali. Lilisema kwamba wangeingia alimowaita wangepona. Lakini Dodge aliishi na maneno hayo hadi alipofariki mwaka 1955.

Je, ujuzi huo ulikuwa mpya? La hasha. Wenyeji wa asili wa mbuga za Marekani waliujua tangu zamani. Na hapa kwetu, muulizeni mfugaji yeyote mzee wa nchi ya majani, atawaambia kwamba moto hauli majivu. Ujuzi ulikuwepo duniani. Ila haukuwa umefundishwa katika kikosi kile, na amri ambayo watu hawajapata kuisikia siku ya amani haieleweki siku ya hatari.

Baada ya vifo vya Mann Gulch na vya mioto mingine iliyofuata, mwaka 1957 Idara ya Misitu ya Marekani ilitoa amri kumi za kuzima moto. Zinasema, pamoja na mengine: jueni hali ya hewa, wekeni mtu wa kuangalia moto, jueni njia ya kutokea, na msimamizi atoe maagizo yaliyo wazi kisha ahakikishe yameeleweka. Neno hilo la mwisho liliandikwa kwa damu.

Sasa turudi nyumbani. Moto wa mlima Kilimanjaro wa Oktoba 2020 ulizimwa na askari, wanafunzi na mamia ya wananchi wa kujitolea. Nasi vijijini ndivyo tunavyofanya. Basi kabla ya kiangazi, kaeni kikao mpatane mambo haya:

Kwanza, mchagueni msimamizi mmoja na msaidizi wake, wajulikane kwa wote. Pili, wahesabiwe watu wanapokwenda na wanaporudi. Tatu, mtu mmoja asimame mahali pa juu autazame moto tu, asishike jembe. Nne, kila mtu aonyeshwe mapema pa kukimbilia: mto, shamba lililolimwa, au eneo lililokwisha ungua. Tano, msitangulie juu ya mteremko wakati moto uko chini yenu. Na mkiambiwa tupeni majembe, tupeni. Jembe hununuliwa.

Ule moto wa Dodge msiuchezee. Ni wa majani, si wa msitu wenye miti mingi, na ni kimbilio la mwisho. Bora zaidi ni kuzuia: fyekeni na kupalilia ukanda mpana kuzunguka shamba, na msichome mabaki mchana wa jua na upepo bila majirani na uongozi wa kijiji kujua.

Wale vijana hawakuwa waoga wala wavivu. Walikosa kuelewana na mkubwa wao kwa dakika moja tu. Nyinyi elewaneni sasa, majani yangali mabichi.