Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Huvuja

Kiyoyozi cha nyumbani kikianza kupuliza hewa isiyopoa, iwe Gangilonga mjini Iringa au Soweto jijini Mbeya, hukumu hutoka haraka: gesi imeisha. Neno gesi lenyewe sina ugomvi nalo, maana ndilo wanalolitumia mafundi na wateja wao. Ugomvi wangu ni na kitenzi. “Imeisha” kimeazimwa kwenye mtungi wa jikoni, ambako gesi huungua kweli ikaisha. Ndani ya kiyoyozi hakuna kinachoungua. Kinachoitwa gesi humo, ambacho katika maandishi napendelea kukiita kipozeo kwa kuwa sehemu ya safari yake husafiri kikiwa kimiminika, huzunguka katika mabomba yaliyofungwa: huchemka kwenye koili ya ndani na kuchukua joto la chumba, kompresa hukikandamiza, kisha hulitua joto hilo nje na kurudia hali ya umajimaji. Kikipungua, basi kuna mahali kinavujia.

Mtu ataniuliza kuna haja gani ya kubishania kitenzi ikiwa mteja ameelewa na chumba kimepoa. Haja ipo, tena ni ya fedha. Aliyeambiwa imeisha hulipia kujaziwa, akangoja iishe tena. Aliyeambiwa imevuja huuliza inavujia wapi, na swali hilo humrudisha fundi kwenye nati za mabomba kutafuta doa la mafuta au kupaka povu la sabuni. Aidha, barafu inayoganda kwenye koili ya ndani huweza kuletwa na upungufu wa kipozeo, lakini chujio lililozibwa na vumbi la kiangazi huleta barafu ileile, na kulisafisha hakuhitaji gesi hata kidogo.

Wengine watasema huu ni mjadala wa Dar es Salaam, si wa miji ya baridi. Mimi naona baridi ndiyo inayozidisha hatari. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai, hewa ya nje ikipoa, mgandamizo katika mabomba hushuka wenyewe, na geji husoma chini ilhali kipozeo kimetimia. Fundi aliyezoea kuwa gesi huisha ataongeza, na joto la Oktoba likifika kompresa italemewa na ziada hiyo. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje, kwa gramu au kilo, kwa hiyo kipimo chake ni mizani. Hata asiye na kiyoyozi huenda ana jokofu, ambalo hufuata mzunguko uleule. Na kwa mashine za zamani zinazotumia kipozeo cha R22 uvujaji una gharama zaidi: chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwemo, zinatakiwa kuachana na kemikali hiyo ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo.